Kisufuria Juu ya Jiwe

Nje ya geti la Leonida, pale Karatu, kuna jiwe bapa. Kila asubuhi kwa miaka sita kisufuria chake cha sikio moja kilikaa juu ya jiwe hilo kikisubiri maziwa. Mtaa mzima walifanya hivyo. Huyu aliweka jagi, yule kidumu, mwingine ndoo ndogo yenye mfuniko, kila mtu mbele ya geti lake. Nalangu, muuza maziwa, hakupiga hodi kwa mtu. Akikuta chombo alimimina, akafunika, akaenda zake. Asipokikuta alijua hapo leo hawahitaji, na hakuuliza sababu.

Hata duka la Raphaeli, lililotazamana na geti hilo ng'ambo ya barabara ya vumbi, lilikuwa na desturi hiyohiyo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mwaka mmoja kabla ya korona, Raphaeli hakuwa na cha kumfungia mtu. Ukitaka unga, njoo na ndoo. Ukitaka mafuta ya kupima, njoo na chupa. Ukija mikono mitupu alikuwa akikutazama kwa huruma na kusema, "Mama, nikuwekee kwenye kanga?" Watu walicheka, wakarudi nyumbani kufuata chombo.

Basi mwezi wa nne, mwaka ule wa korona, kisufuria cha Leonida kilikaa ndani siku nane.

Mwanawe Thomasi alikuwa dereva wa watalii. Safari yake ya mwisho aliteremka na wageni wanne kutoka kreta, wakapanda ndege wakaenda kwao, na siku tano baadaye Thomasi akawa na homa. Mkewe, Eva, akafuatia. Gari la wagonjwa liliwachukua wote wawili kwenda Arusha. Eva alilia, si kwa ajili ya homa, bali kwa sababu ya mtoto wa miezi kumi aliyekuwa bado ananyonya. Alimkabidhi kwa bibi yake huku akigeuza uso pembeni asimpumulie.

"Mama, maziwa ya Nalangu," alisema. "Ya boksi anatapika. Mpe ya Nalangu tu, uyachemshe vizuri."

"Nenda mwanangu. Nimelea sita mimi."

Afisa wa afya, kijana mmoja anayeitwa Kimaren, alifunga kitambaa chekundu kwenye geti na kubandika karatasi. Siku kumi na nne, alisema. Bibi na mjukuu wasitoke, na mtu asiingie. Alikuwa kijana mwenye adabu. Kwa kuwa Leonida aliketi kwenye kigoda uani, na yeye alichuchumaa kule nje ili asizungumze na mtu mzima akiwa amemsimamia kichwani.

"Shikamoo bibi. Mtahitaji chochote?"

"Marahaba. Tuko vizuri, baba."

Hakuwa vizuri. Kitambaa kile kilipofungwa, Leonida alihisi amerudi Kainam, kule juu Mbulu, akiwa na miaka kumi na tisa.

Watu wa kwao, Wairaqw, walikuwa na jambo linaloitwa metimani. Nyumba ikipatwa na msiba wa namna fulani, hasa kufiwa na mtoto mdogo, ilitengwa. Ng'ombe wake hawakuchanganywa na wa jirani. Maji walichota chini ya mto, si juu. Hawakumsalimu mtu njiani, wala mtu hakuwasalimu. Halikuwa jambo la chuki. Iliaminika kwamba msiba una miguu, nao hutembea kwenye vitu vilivyoguswa. Leonida alifiwa na binti yake wa kwanza, naye na mumewe Silvanus wakakaa peke yao karibu mwaka mzima.

Katika mwaka ule chumvi iliwaishia. Leonida, kwa ujinga wa ujana, akachukua kibuyu kidogo akakiweka kando ya njia, akiamini kwamba mpita njia mwenye moyo atakitilia chumvi. Aliyepita alikuwa mama mkwe wake. Yule mama hakupaza sauti. Alikipiga kibuyu kwa fimbo, kikapasuka, akakaa chini kando ya njia akalia.

"Unataka kutuua wote?" alisema. "Chombo chako, Leonida. Chombo chako!"

Yapo mengine aliyoyakumbuka ya mwaka ule. Kuna mtu, mpaka leo hajui ni nani, alikuwa akiwaachia mzigo wa kuni kwenye kona ya shamba. Kuni hazihitaji chombo. Lakini kilio cha mama mkwe ndicho kilichomkaa mifupani. Alijifunza siku ile kwamba aliyetengwa halalamiki, haombi, na chombo chake hakitoki nje.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza ya kitambaa chekundu, Leonida alikiosha kisufuria, akakitundika ukutani jikoni, akafunga mlango.

Siku hiyo walitumia boksi moja la maziwa ambalo Thomasi alipewa hotelini wakati hoteli zilipokuwa zikifungwa na kugawa vilivyobaki. Mtoto alitapika nusu. Boksi tupu Leonida alilitupa kwenye pipa la uani, upepo ukalipindua pipa, boksi likabiringika likapita chini ya geti. Hakuweza kulifuata. Lilikaa nje pale siku mbili.

Siku ya pili alisikia miguu ya Nalangu. Alizijua ndala zake za matairi, zinavyokwaruza vumbi. Miguu ilisimama mbele ya jiwe. Ikasimama kwa muda. Ikaenda.

Siku ya tatu ikasimama tena, na mara hii Nalangu akaita.

"Koko! Koko, upo?"

Koko ni bibi kwa Kimaasai. Ndivyo Nalangu alivyomwita tangu alipohamia pembezoni mwa Karatu kutoka Nainokanoka alikozaliwa, yeye na mumewe na ng'ombe saba, ili watoto wawe karibu na shule.

Leonida alikuwa nyuma ya mlango, mtoto mgongoni. Aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Moyoni alisema, maskini, huyu hajasoma ile karatasi. Hajui kitambaa hiki ni cha nini. Nikiitika atakuja mpaka kwenye geti, atalishika, atashika na chombo, kisha atarudi kwa watoto wake wanne. Alinyamaza. Mtoto akataka kulia, akambembeleza kwa kumtikisa polepole mpaka miguu ikaondoka.

Kutoka siku hiyo Nalangu hakuita tena. Alikuwa akifika, akisimama, akienda.

Ile siku ya tatu jioni Thomasi alipiga simu.

"Mama, mnakula?"

"Tunakula."

"Mtoto anapata maziwa?"

"Anapata, baba. Nyinyi poneni tu."

Angemwambia nini? Mtu yuko kitandani Arusha, amwongezee homa? Baada ya hapo simu ikawa haina salio, na ya Thomasi ikawa haipatikani kila mara.

Nyumba ile haikuwa ndogo. Thomasi aliijenga wakati wageni walipokuwa wengi, ina vyumba vitatu na veranda, na ukuta wa matofali wenye geti la bati. Leonida aliipenda kwa ukuta wake, kwa kuwa kuku hawakutoka. Sasa aliuchukia. Alijua hatua zilizopo kutoka mlangoni hadi getini, kumi na tisa. Alijua saa ambayo kivuli cha ukuta kinagusa bomba. Kupitia tundu la msumari kwenye bati aliweza kuona upande mmoja wa duka la Raphaeli, mkono wake tu na kopo la kupimia. Alisikia kila kitu. Maharage yakishuka kwenye ndoo ya mtu. Raphaeli akipitisha ubao juu ya kopo kusawazisha, kisha akiongeza konzi moja ya juu, kama ilivyokuwa tabia yake kwa wazee na wajawazito. Chakula kilikuwa hatua thelathini kutoka kwake na kililia masikioni mwake kutwa nzima, naye hakuwa na njia ya kukileta, kwa sababu chakula cha pale hakisafiri bila chombo, na chombo chake ni msiba.

Unga wa ndani ulikuwa wa kutosha kidogo. Alimpikia mtoto uji wa maji na sukari. Siku ya kwanza ya uji alikunywa. Iliyofuata alisukuma kijiko.

"Kunywa, mume wangu," Leonida alimwambia. Hivyo ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kiume, na huyu alikuwa na haki zaidi, maana alipewa jina la marehemu, Silvanus. "Wewe mzee ulikuwa huchagui. Ulikula makande ya juzi ukasifu. Leo umepata meno mawili ndiyo unaleta maringo?"

Mtoto alimtazama, akatema.

Siku ya sita alilia sana. Siku ya saba alilia kidogo. Kimaren alikuja siku hiyo, akawaelekezea kile kipimo cha joto kinachofanana na bastola kupitia upenyo wa geti, akafurahi.

"Hamna homa, bibi. Mnakula vizuri?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Aliona jinsi kijana alivyochoka, viatu vimejaa matope mekundu, barakoa imeloa jasho. Halafu akaona fimbo ikishuka juu ya kibuyu.

"Tunakula," alisema.

Asubuhi ya siku ya nane Silvanus hakulia kabisa. Aliamka, akalala kifuani kwa bibi yake akitazama ukuta. Leonida alimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Haikurudi upesi. Alimnyonyesha maji ya sukari kwa kidole, akameza matone machache, akaacha.

Leonida aliketi kwenye kigoda. Kimya cha mtoto namna hii alikijua. Binti yake wa kwanza alinyamaza hivihivi siku mbili kabla hajafa.

Alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia, "Mama, nisamehe." Alikuwa akimwambia mama mkwe wake, aliyezikwa miaka thelathini iliyopita.

Akakitungua kisufuria ukutani. Alijaza maji, akakiweka motoni kikachemka mpaka mfuniko ukacheza. Akamwaga, akajaza tena, akachemsha mara ya pili, na ya tatu. Hakukishika tena kwa mkono. Alichukua koleo la mkaa, akalipitisha motoni nalo, akakibana kisufuria kwenye lile sikio lake moja na kukibeba mbele yake, mkono umenyooka, kama mtu aliyebeba nyoka. Mtoto mgongoni. Hatua kumi na tisa. Alifungua geti upana wa bega, akakitua juu ya jiwe, akarudi nyuma upesi, akafunga.

Alipotua chombo kile, Raphaeli, aliyekuwa akifagia mbele ya duka, aliacha kufagia.

Leonida alishika bati kwa mikono miwili akasubiri. Aliposikia ndala za matairi, alipiga kelele kabla hazijafika.

"Nalangu! Simama hapohapo! Usikiguse!"

Ndala zikasimama.

"Nyumba hii imefungwa! Ina ugonjwa! Thomasi yuko Arusha, na mkewe! Hicho kitambaa maana yake ni hiyo! Kisufuria nimekichemsha mara tatu, lakini sijui, mwanangu, mimi sijui mambo ya ugonjwa huu. Kama unaogopa kipige teke uende, sitakuwa na neno na wewe mpaka nakufa. Ila mtoto... mtoto hanywi uji."

Kisha akasikia Nalangu akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na hasira ndani yake.

"Koko! Wiki nzima naitafuta hii sufuria yako!"

"Nini?"

"Naijua korona, Koko! Nani asiyeijua korona? Kimaren si mtoto wa shemeji yangu? Alinifundisha mwenyewe, mimina ukiwa mbali, usiguse chombo, osha mikono. Kila siku nakuja. Jiwe tupu. Nakuita, kimya. Halafu naona boksi hapa chini. Boksi!" Aliguna. "Nikasema, haya, Koko amekuwa Mzungu. Maziwa ya ng'ombe wangu yanamnukia. Anakunywa ya dukani, yenye picha ya ng'ombe."

"Lile boksi lilikuwa la hotelini! Mtoto aliyatapika!"

"Ningejuaje? Chombo hakipo! Mtu asipotoa chombo amekataa. Hata wewe unajua."

Leonida aliegemeza paji la uso kwenye bati. Lilikuwa la baridi. Aliijua desturi hiyo miaka sita, na katika siku zote nane haikumpitia kichwani kwamba Nalangu anaisoma kwa namna yake, wakati yeye anaisoma kwa namna ya Kainam.

"Kwa hiyo lita yangu umekuwa ukimuuzia nani?" aliuliza.

"Nimuuzie nani, hoteli zimefungwa? Na hii yako sijaitoa kwa mtu. Nazunguka nayo, nasema labda nikirudi kutoka kwenye kona utakuwa umekumbuka. Halafu naipeleka nyumbani inaganda. Watoto wangu wamenenepa kwa mtindi wako, uje uone."

Raphaeli aliita kutoka ng'ambo. "Mama Thomasi! Na mimi nilidhani una ghala humo ndani! Siku nane hujatoa hata chupa ya mafuta. Nikamwambia mke wangu, wenye watoto madereva hawa, wana stoo kama za jeshi."

"Nyamaza wewe," Nalangu alimwambia. "Ungeuliza."

"Kwani wewe uliuliza?"

"Mimi niliita! Wewe upo hapa kutwa na hilo domo lako, umeita?"

Walibishana hivyo, mmoja huku, mwingine kule, na katikati ya ubishi ule Leonida aliusikia mlio aliokuwa akiungoja. Nalangu alikuwa ameinua dumu lake juu, mbali na jiwe, na maziwa yakashuka kutoka juu yakapiga chuma kitupu. Kwanza yalilia kwa ukali, kisha kwa uzito, kisha yakawa kimya kwa kujaa.

"Ongeza," Raphaeli alisema.

"Unanifundisha kazi?" Lakini aliongeza.

Leonida alisubiri ndala ziondoke hatua kumi. Akakivuta kisufuria ndani. Aliyachemsha maziwa mara mbili, akayapooza kwa kuyahamisha kutoka bakuli hadi bakuli, akakaa na kijiko. Kijiko cha kwanza kilitoka pembeni mwa mdomo. Cha pili kilitoka nusu. Cha tatu mtoto alikifuata kwa ulimi. Mpaka jua linafika kwenye bomba alikuwa amekunywa vijiko ishirini na mbili, kisha akalia, kilio cha nguvu cha mtu anayedai haki yake, na bibi yake akalia naye.

"Ndiyo, mume wangu," alisema. "Gomba. Gomba sana."

Zilibaki siku sita, na ukuta ulikuwa palepale. Kila asubuhi kulikuwa na kisufuria juu ya jiwe, na pembeni yake ndoo ya unga na chupa ya mafuta, vyote vimechemshwa au kumwagiwa maji ya moto, vyote vimebebwa kwa koleo. Raphaeli alimimina akiwa amenyoosha mikono kama mpishi anayeogopa mafuta kumrukia. Konzi ya juu hakuisahau.

Mtoto alirudi kunenepa. Lakini Leonida hakulala vizuri. Hofu ilikuwa imehama tu, imetoka kwa mtoto imekwenda kwa Nalangu. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye bati kusikiliza kama miguu ile ni mizito kuliko jana. Nalangu akikohoa kwa vumbi, Leonida alishinda siku nzima hana hamu ya kula.

"Kifua kikoje?" alikuwa akimuuliza kupitia geti.

"Kifua cha ng'ombe, Koko."

"Usinitanie. Kikoje?"

"Kizima. Lete sufuria."

Siku ya kumi na nne Kimaren alikuja mapema, akapima, akaandika, akakifungua kitambaa chekundu na kukiviringisha mfukoni. Alisema Thomasi na Eva wamepata nafuu, watarudi Jumamosi.

"Umemaliza, bibi. Unaweza kutoka."

"Asante, baba. Na samahani, nilikudanganya. Ile siku uliniuliza kama tunakula."

Kijana alitazama chini. "Nalangu alinipasha. Alinigombeza mimi, eti mtu mzima ukimuuliza unakula atakujibu nini. Siku hizi nauliza, nionyesheni sufuria."

Alipoondoka, geti lilibaki wazi. Barabara ilikuwa palepale, na duka, na Raphaeli akipunga mkono, "Karibu duniani!" Leonida alimbeba mtoto mpaka kwenye jiwe, akakiweka kisufuria kwa mkono wake mtupu, akakaa pembeni yake. Hakuvuka barabara.

Nalangu hakuwa amefika.

Jua lilipita juu ya mti wa mgrivea. Jagi la jirani lilikuwa tupu, na kidumu cha yule wa pili, na ndoo ya kule mwisho, vyombo vya mtaa mzima vimepanga mstari vikisubiri. Raphaeli alimwita aje anywe chai, akakataa kwa kichwa. Mtoto alipiga kisufuria kwa kiganja. Leonida alianza kuhesabu, tangu ile asubuhi aliyokitoa chombo hadi leo, siku ya sita, na Kimaren alisema ugonjwa huchukua siku tano, sita kujionyesha. Alihesabu upya. Msiba una miguu. Alikuwa ameutembeza mwenyewe, kwa koleo.

Kisha akasikia ndala zikikwaruza vumbi, haraka kuliko siku zote, na Nalangu akatokea kwenye kona, dumu mgongoni, shuka limefungwa kiunoni, amelowa jasho.

"Ndama katoroka kaingia msituni," alisema kwa mbali, hata kabla ya salamu. "Tangu alfajiri tunamtafuta na tembo wamo humo. Kifua kizima, usiniulize!"

Leonida alisimama. Alitoka kwenye geti, akapita jiwe, akaingia barabarani mpaka katikati, akaacha nafasi ya hatua mbili kama Kimaren alivyofundisha. Hapo akamsalimu kwa Kimaasai, salamu ambayo mtu mzima humpa binti yake.

"Takwenya, Nalangu."

"Iko, Koko," Nalangu aliitika, akainama kidogo kwa desturi, kana kwamba mkono wa mzee umegusa kichwa chake. Akatua dumu. "Sasa mbona umekuja huku? Sufuria iko wapi?"

"Iko kwenye jiwe," Leonida alisema. "Imekuwa hapo tangu asubuhi."